Karatasi za Malaria

Jumapili, 1 Desemba

Leo ziwa limefungwa. Hadi mwisho wa Februari hakuna wavu kuingia majini, ili samaki wazae. Kijiji kizima cha Kabuta wavuvi wameanika nyavu juu ya mitumbwi, na sisi wa kampuni ya barafu tumeanza miezi mitatu ya nusu kazi na nusu mshahara. Nimefungua daftari jipya. Ninaandika Kiswahili cha kwetu Kilwa ya Katanga, ng'ambo ya ziwa, kwa sababu Kifaransa cha shule kimeanza kuniacha, na Kibemba cha huku nakiongea bila kujua kukiandika; maneno ya watu nayageuza.

Mke wangu Clotilde ameniona na kalamu. "Mwanaume mwenye kuandika kila kitu," amesema, "iko anajitafutia kesi."

Jumanne, 3 Desemba

Barua imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kusafishia samaki. Bima ya afya ya wafanyakazi inapanda kutoka kwacha 210 kwa mwezi hadi 365, kuanzia Februari. Sababu iliyoandikwa: wafanyakazi wa wilaya yetu ya Nchelenge wanatibiwa mara nyingi kupita kiasi. Asiyetaka kuendelea asaini kutoka kabla ya saa kumi jioni, tarehe 31 Januari. Mstari wa mwisho ni wa herufi ndogo, na wengi hawakufika huko: wanachama wakibaki chini ya hamsini, bima inavunjwa yote.

Tuko sitini na wanne. Watu kumi na watano wakitoka, hakuna bima kwa mtu yeyote.

Clotilde ana mimba ya miezi sita. Binti yetu Noëlla alizaliwa kwa kupasuliwa, miaka minne iliyopita, na ni bima hii iliyolipa.

Ijumaa, 6 Desemba

Tumekwenda kupima. Daktari amesema kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi. Linaweza kupanda lenyewe. Turudi Januari.

Clotilde ameuliza kama anaweza kuendelea kuuza vitenge sokoni. Daktari amesema ndiyo, lakini asibebe mzigo. Njiani ameniwekea mzigo kichwani.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Watu kumi na moja hawakuja.

Jumatano, 11 Desemba

Chisala, fundi wa mashine ya barafu, hakuonekana jana wala juzi. Leo ameleta karatasi ya kliniki: malaria.

"Kweli ilikuwa nini?" nimemuuliza.

"Kilio, Ba Pointeur. Bwana ya dada ya mama yangu, kule Kafutuma."

"Pole. Siku mbili?"

"Mbili. Angekuwa mjomba, ningekaa tatu."

Niandike jambo hili vizuri, maana siku moja nitasahau lilivyoanza. Kazi yangu ni kuandika nani ameingia, saa ngapi, nani hayupo. Ndiyo maana wananiita Ba Pointeur, bwana mwandika mahudhurio, kama migodini kwetu Katanga. Sheria ya kampuni ni kwamba asiyekuja alete karatasi ya kliniki, hata kwa siku moja; bila karatasi, siku inakatwa. Likizo ya kilio ipo, lakini ni kwa mzazi, mume au mke, na mtoto basi. Sasa nani hapa ufukweni anazika hao tu? Jirani akifa nawe ukaenda kazini, siku yako ikifika watakaa na nani nyumbani kwako? Kwa hiyo mtu anaamka, anapita kliniki ya binafsi ile ya barabarani, anachomwa kidole, anasema kichwa kinauma, anapewa vidonge na karatasi, halafu anakwenda kwenye kilio. Bima inalipa.

Kwenye kitabu cha kampuni naandika "malaria". Lakini hiyo hainisaidii kupanga zamu. Mwenye malaria ya kweli anakosa siku nne na anarudi bila nguvu. Mwenye kilio cha jirani anarudi baada ya mbili, mzima. Ndiyo maana nina daftari langu la pili, nyumbani, lenye sababu ya kweli. Nimelishika miaka mitatu. Watu wananiambia kwa sababu wanajua sisemi.

Jumamosi, 14 Desemba

Mkutano wa chama cha wafanyakazi, kwenye chumba cha kusafishia samaki, watu wamekaa juu ya meza za bati. Mwenyekiti wetu ni Dorica, mkubwa wa wanawake wanaosafisha. Sauti yake inafika mpaka kwenye mizani ya nje. Sijawahi kumpenda sana. Anaongea kwanza, anafikiri njiani.

Misheck, wa kupakia barafu, amepanda juu ya kreti.

"Mi niko na miaka ishirini na sita. Sina muke, sina mutoto, siuguaki. Nusu mshahara, halafu banikate mia tatu sitini na tano? Kwa nini nilipie mimba ya batu?"

Amesema hivyo akinitazama. Watu wamecheka.

"Na weye ulizaliwa namna gani?" Dorica amemuuliza. "Ulitumwa na posta?"

Kelele. Misheck amengoja zipungue, kisha akatoa karatasi ya kutoka kwenye bima na kuanza kukusanya saini. Tisa leo. Dorica amesema chama kitaandika barua kwa watu wa bima, watuonyeshe hayo matibabu mengi ni yapi. Amenipa mimi niiandike, kwa sababu mwandiko wake, anasema, ni wa kuku.

Huyu Misheck ni kichwa maji tu.

Ijumaa, 20 Desemba

Saini kumi na mbili. Barua imekwenda.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Tumekula kuku kwa sababu samaki mbichi hakuna. Noëlla amejenga nyumba kwa paketi za vidonge vya malaria zilizojaa kabatini. Nyumba ya ghorofa tatu, na bado zikabaki za ukuta wa nje. Shemeji aliyekuja kula nasi amecheka sana. Clotilde hakucheka. Amenitazama mimi, akatazama nyumba ile.

Alhamisi, 2 Januari

Saini kumi na sita. Imeshapita ile kumi na tano. Ikifika mikononi mwa meneja kama ilivyo, tumekwisha. Misheck anasema ataipeleka siku ya mwisho, kwa fahari.

Jumatano, 8 Januari

Watu wa bima wamejibu. Wametuma orodha ya matibabu ya mwaka mzima: tarehe na ugonjwa, bila majina. Mara 412. Kati ya hizo, malaria 297.

Dorica ameitupa mezani. "Malaria mia mbili na tisini na saba! Tungekuwa tumekufa wote!"

Nimeomba niende nayo nyumbani.

Nimeifanya kazi hii tangu saa nane mchana mpaka jua likashuka, tarehe kwa tarehe, orodha yao upande huu na daftari langu la pili upande ule. Matokeo ni haya. Malaria ya kweli: themanini na nne. Vilio: mia moja tisini na nane. Harusi: tisa. Na sita, zote za siku moja, zilikuwa mechi ya mpira Mansa.

Nimerudia kuhesabu kwa sababu sikuamini. Ni vilevile.

Wala si kwamba watu wa kampuni ya barafu ni wagonjwa. Ni watu wenye ndugu wengi. Na sheria ya karatasi kwa kila siku, hata moja, ilipendekezwa na mtu mmoja miaka mitatu iliyopita, kwa sababu alitaka kitabu chake kiwe safi. Mtu huyo ni mimi. Nilimwandikia meneja ukurasa mzima kuitetea, na meneja akanipongeza.

Kwa mara ya kwanza tangu Desemba nimejisikia vizuri. Kitu kikishajulikana kimeharibika wapi, kinatengenezeka.

Alhamisi, 9 Januari

Nimemweleza Dorica, sisi wawili tu, nyuma ya mashine. Amecheka mpaka akakaa juu ya kreti. Kisha kicheko kikakatika.

"Mwebantu! Kumbe tumejipandishia bei sisi wenyewe?"

"Sisi na sheria ya karatasi."

"Majina ya batu iko mule ndani ya daftari lako?"

"Yapo yote."

"Usililete hapa. Hata siku moja. Leta hesabu tu." Akaniangalia kwa muda. "Nani mwingine anajua?"

"Chisala aliwahi kuliona."

"Chisala!" amesema, na akajishika kichwa. Chisala anaongea na mashine, anaongea na kuta.

Nimemwona anafikiri kabla ya kusema. Labda siku zote anafanya hivyo na mimi sikuangalia vizuri.

Jumatatu, 13 Januari

Tumerudi kwa daktari. Kondo halikupanda. Tena kuna kovu la upasuaji wa Noëlla. Amesema Clotilde hawezi kungojea uchungu: uchungu ukianza atatoka damu nyingi. Aende Mansa tarehe 18 Februari, alale hospitalini, apasuliwe kabla, palipo na damu ya kumwongezea. Bima inalipa gari, kitanda na upasuaji.

"Na bila bima?" Clotilde ameuliza.

Daktari ametaja kiasi. Ni zaidi ya mshahara wangu wa mwaka.

Nje Clotilde amenunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. "Usitengeneze sura ile," ameniambia. "Mimi njo nabeba, si weye."

Alhamisi, 16 Januari

Leo naandika kwa kirefu.

Saa nne meneja ameniita. Jina lake Zacharia, ametoka Kitwe, na tunaongea nusu Kibemba nusu Kiswahili chake cha kununua samaki. Si mtu mbaya. Wakati baba ya Clotilde alipokufa alinipa gari la kampuni mpaka gatini.

Amefunga mlango. "Blanchard, nasikia iko na daftari."

Nimevuta kiti nikakaa.

"Nasikia ndani iko jina ya kila mutu mwenye alidanganya."

"Ni daftari langu, Ba Zacharia. Nalishika nyumbani, kwa kupanga zamu."

"Sitaki daftari. Nataka majina kumi tu. Wale wabaya sana." Ameinua vidole kumi. "Nafukuza kumi kwa udanganyifu. Watu wa bima banaona tumesafisha nyumba. Bei inarudi chini. Misheck hana maneno tena. Na bibi yako anaenda Mansa." Ameshusha vidole. "Daktari alinipigia simu juu ya gari ya Mansa. Ninajua namna mambo iko."

Nilijua la kusema. Lingekuwa neno moja. Badala yake nimesema nitafikiri.

Nimerudi kwenye meza yangu na kuandika walioingia zamu ya mchana. Mwandiko ni mzuri kama wa kila siku. Ndilo linalonikera. Katika kuandika majina yale ya mchana nimejikuta najiuliza, huyu karatasi ngapi, huyu ngapi. Nilipofika kwa Dorica nimejua bila kufungua daftari: kumi na moja. Angekuwemo kwenye kumi.

Ijumaa, 17 Januari

Asubuhi, kabla ya kazi, nimemweleza Clotilde yote. Alikuwa anasonga ugali wa Noëlla na hakuacha kusonga.

"Kumi," amesema.

"Kumi."

"Na weye unawaza."

"Nawaza juu yako."

"Hapana. Usiniweke mimi mule." Amegeuza ugali. "Baba yangu alizikwa Kilwa. Ulikaa siku tatu. Ulileta karatasi gani kazini?"

Baba mkwe si mzazi, kwa sheria ya kampuni.

"Malaria," amejijibu. "Ulimzika baba yangu na malaria. Basi anza na jina lako, halafu tafuta wengine tisa."

Nikamwambia nimeogopa. Akasema anajua, na yeye anaogopa tangu Jumatatu, lakini hajamuuza mtu bado. Kisha akanipa ugali nimpelekee mtoto.

Nimefika kazini nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Nimesema hapana. Amesema sawa, kama mtu aliyekuwa anatazamia, na ameongeza kwamba tarehe 31 haisogei.

Jumamosi, 18 Januari

Mkutano. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa hivi kwamba tulingoja nusu saa.

Nilimwomba Dorica niseme kwanza. Nimewapa hesabu: vilio 198, malaria 84. Nimewaambia sheria ya karatasi niliitunga mimi. Nimewaambia pia kwamba meneja alitaka majina kumi, na kwamba siku ya kwanza sikukataa.

Mtu wa nyuma amesema, "Mukongomani huyu atatuuza." Mwingine amesema daftari lichomwe leo leo, mbele ya macho yetu.

"Amesema mwenyewe," Dorica amewakata. "Mwenye kuuza batu haitangazi sokoni. Kaa, Ba Pointeur."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Amesimama katikati ya chumba. "Leo hatuandiki jina ya mutu. Mwenye alichukua karatasi ya malaria na mwili yake ilikuwa muzima, aende upande wa masinki. Mwenye hajachukua hata moja, abaki kwa mlango. Mimi naanza." Ametembea hadi kwenye masinki, ameegemea, ameinua vidole. "Kumi na moja. Kaka yangu, mashemeji mbili, jirani, mwimbaji wa kanisa, wengine nimesahau. Mungu awapumzishe, walinipatia homa nyingi."

Kicheko kimepasua chumba. Chisala amekwenda. Wanawake wa kusafisha wamekwenda wote pamoja. Nimekwenda mimi. Baada ya dakika chache mlangoni walibaki watu sita na Misheck juu ya kreti yake.

"Weye, mwenye hauguaki," Dorica amemwita. "Utabaki pale?"

Misheck amejikuna. Ameshuka. Ametembea polepole kuelekea masinki, na kila hatua kelele zilipanda.

"Ngapi?"

"Kumi na nne," amesema Misheck.

"Kumi na nne! Mutu hana muke, hana mutoto, kumi na nne! Weye njo mugonjwa wa kwanza wa kampuni!"

"Na mechi ya mpira pia!" Chisala amepiga kelele.

Misheck mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Alipoiondoa hakuwa anacheka tena. Amesema, kwa sauti ndogo kuliko ya kawaida yake, kwamba baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, na walezi wake ni wajomba na mashangazi kumi na kitu, wazee wote, na wanakwisha mmoja mmoja. Kampuni haimhesabii hata mmoja wao. "Munataka nibakie kazini siku ya kumuzika mwenye alinilisha?"

Nilikuwa na vilio vyake vyote kumi na vitatu katika daftari, na tarehe zake, na sikuwahi kuvisoma kwa mfululizo.

Dorica ametoa ukurasa mmoja. Juu umeandikwa: *Sisi tuliosaini tulichukua karatasi za malaria ili kwenda kwenye vilio. Tunataka kilio kiitwe kilio.* Ameniambia nisaini wa kwanza. Saini hamsini na nane. Misheck amesaini pia, lakini karatasi yake ya kutoka ameirudisha mfukoni. "Bei ni bei," amesema. "Mwenye hana familia alipe ya mutu mumoja."

Ana haki. Nimemwambia hivyo.

Jumatatu, 20 Januari

Mimi na Dorica kwa meneja. Ameusoma ukurasa mara mbili.

"Mumekubali kudanganya. Kwa saini."

"Ee, mukwai," amesema Dorica. "Hamsini na nane. Tunaomba barua yako kwanza, kwamba hakuna mutu atafukuzwa juu ya mambo ya mwaka ule. Kisha uite watu wa bima, tuwaonyeshe hesabu."

"Na nikikataa?"

"Utufukuze. Tarehe moja Machi ziwa linafunguliwa. Mitumbwi yote ya Kabuta itakuja siku ile na samaki. Utatengeneza barafu na Ba nani?"

Ba Zacharia amegeukia dirisha. Amesema atapiga simu Ndola, kwa watu wa bima.

Alhamisi, 23 Januari

Barua ya meneja imetoka, na saini yake. Mistari mitatu. Nimeiweka kwenye Biblia.

Jumanne, 28 Januari

Mtu wa bima amefika kutoka Ndola, mwanamke anayeitwa Olipa, viatu vimejaa tope. Nimeandaa jedwali: miezi kumi na miwili, safu tatu, hakuna jina. Ameuliza maswali mazuri. Nathibitisha vipi kwamba ni kilio? Nimempa tarehe tu, na Dorica amemtajia kila tarehe nani alizikwa, wapi, na nani alipika. Amekwenda hivyo miezi minne ya jedwali bila kukosea, mpaka Bi Olipa akaweka kalamu chini.

"Mwaka uliopita tuliwatumia vyandarua mia moja thelathini," amesema, "kwa sababu ya hiyo malaria. Mnalala ndani yake?"

Ba Zacharia ametugeukia sisi wawili.

"Wengine wanalala," amesema Dorica. Nimetazama meza. Kila mtu anajua chisense, wale dagaa wetu, huvuliwa kwa kitu gani Kabuta.

Mazungumzo yamechukua saa tano. Matokeo: mwenye familia kwacha 260, asiye na familia 150. Karatasi ya kliniki itadaiwa kuanzia siku ya tatu tu. Siku mbili za kilio, cha mtu yeyote, mara tano kwa mwaka, na zinaandikwa kilio. Meneja naye ametaka chake: Jumamosi nne za Machi tutafanya kazi bila nyongeza. Misheck, aliyengoja nje, amesema huo ni wizi. Ni kweli haikurudi 210 niliyoitaka. Lakini yote haya ni kama tu tutabaki hamsini tarehe 31.

Ijumaa, 31 Januari

Saini za kutoka zilifika kumi na tisa wiki hii. Leo tangu asubuhi Misheck amezunguka na karatasi yake, mtu kwa mtu, kwenye mvua, akiuliza nani anafuta. Si Dorica aliyemtuma. Saa sita walikuwa wamefuta wanne. Saa nane, tisa. Mimi niliandika zamu na kuhesabu. Clotilde amepita na Noëlla kuniletea chakula, hakuuliza kitu, Misheck amemsalimia na kumpa mwavuli.

Saa tisa na nusu ameingia kwa meneja. Akatoka. Amenionyesha vidole vitano.

Tumebaki hamsini na tisa. Misheck mwenyewe amebaki. Nilikosea Desemba kuhusu huyu mtu, na naandika hapa kwamba nilikosea.

Jumatano, 5 Februari

Kilio cha kwanza kwenye kitabu cha kampuni, kwa herufi kamili. Mwanamke wa kusafisha, shangazi yake. Amerudi baada ya siku mbili.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua. Watu wawili tu hawakuja.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemkabidhi Misheck kitabu cha kampuni. Ameshika kalamu kama koleo. Nimemwonyesha mara mbili.

Jumanne, 18 Februari

Mansa. Gari la bima lilifika saa moja asubuhi. Kwenye dirisha la hospitali karani ametafuta jina la Clotilde kwenye kompyuta, na nimesimama pale nikitazama kidole chake kikishuka. Ameuliza namba tena. Nimeisema bila kutazama kadi. "Ipo," amesema, na amemwita mtu wa kiti cha magurudumu.

Jumatano, 19 Februari

Tunangoja. Amelazwa, mimi niko benchi la nje.

Alhamisi, 20 Februari

Saa nne na dakika ishirini, msichana. Clotilde ametoka damu nyingi, wamemwongezea chupa mbili. Daktari amesema ingekuwa nyumbani asingepona. Ameongea kwa utulivu, kama anasoma hali ya hewa. Nimekaa chini kwenye sakafu kwa sababu benchi lilikuwa limejaa.

Ataitwa Aurélie.

Ijumaa, 21 Februari

Clotilde ameamka vizuri. Rangi imerudi midomoni. Mtoto ananyonya. Kitu cha kwanza alichotaka ni chai, cha pili ni habari.

"Batakupa siku ngapi?"

"Tano za baba, tangu alipozaliwa."

"Na zile mbili tulikuwa tunangoja? Jumanne na Jumatano?"

"Zimekatwa."

"Ziko namna gani zimekatwa?"

Nikamweleza. Hazimo kwenye mapatano. Kuna ugonjwa, kuna kilio. Misheck alinipigia simu kuuliza aandike nini. Ningeweza kumwambia homa, hakuna ambaye angeuliza. Nimemwambia aandike "kungoja mke kuzaa". Neno hilo halina safu, kwa hiyo hakuna malipo.

Clotilde amemtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Donc, basi, batu sitini munakaa kwa meza, saa tano, munapigana juu ya siku za kumuzika mutu. Na hakuna hata mumoja mwenye aliwaza siku za kumungoja mutu azaliwe?"

Nimeanza kucheka, naye akaanza, kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Acha. Acha kunichekesha, nyuzi zinavuta."

Nimetoka kwenye korido nimempigia Dorica, nikampa maneno yale kama yalivyosemwa. Nimesikia bomba la maji likifungwa.

"Andika iwe ya kwanza kwa mkutano wa Machi," amesema. "Na huyo mwanamke, akipona, umulete. Aseme yeye mwenyewe."